Shabaha ya Karatasi

Mama yangu alikuwa akimshuku kila mtu, na tabia hiyo mimi niliirithi kwake. Mtu akimuuliza saa barabarani, alimjibu, kisha akageuka kuangalia ameelekea upande gani. Mgeni akiuliza unasoma shule gani na ukamwambia, Mama alisema umeshamaliza kumwambia kila kitu. Tuliishi mtaa wa Pioneer, katika nyumba iliyoshikana ukuta na ya jirani, na kwa vile jirani hatukumjua vizuri, tulipokaa kula Mama alifungua redio sauti ikazidi maongezi yetu. Kila jioni taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais alikokwenda na aliyoyasema huko. Tulikula tukisikiliza kama watu walio kanisani.

Hiyo ilikuwa miaka ya chama kimoja, na watu walichukuliwa. Mwalimu mmoja wa mtaa wetu alichukuliwa kwa sababu ya maneno aliyoyasema baa. Alisema nini hasa, hakuna aliyejua, au waliojua hawakutaka kurudia. Alirudi baada ya miezi mingi, na kila alipotaka kuketi alikunja uso kwanza. Watu walimwamkia wakiwa wanatembea. Sisi tena tulikuwa tumetoka Mkoa wa Kati, watu wa biashara, tumepata duka mjini Eldoret na kipande cha shamba Sugoi, nje ya mji. "Sisi ni wageni hapa," Mama alikuwa akisema, na mimi nilizaliwa hapo hapo mjini, sijui kwingine. Nilikasirika kila aliposema hivyo, lakini nilishika.

Baba alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alicheka kwa sauti, alisalimia hata watu wasiomjibu, na alikopesha sukari kwa yeyote mwenye hadithi nzuri. Jioni moja, nikiwa darasa la sita, aliingia nyumbani na kitu kirefu ndani ya gunia, akakilaza juu ya meza ya chakula.

"Hiyo ni nini?" Mama aliuliza.

"Ni ya watoto."

"Watoto gani?"

"Hawa wako."

Akafungua gunia. Ilikuwa bunduki ya upepo, ile ya kukunja mtutu katikati, kitako chake cha mti kimekwaruzwa kwaruzwa. Mama hakupiga kelele. Alienda akavuta pazia, akafunga mlango kwa ufunguo, akaongeza sauti ya redio, ndipo akarudi.

"Umepita na hii kitu Pioneer mchana? Nani amekuona?"

"Ilikuwa kwa gunia."

"Gunia refu hivyo! Watu wamefikiria nini? Miwa?"

Baba akacheka. Alikuwa na cheti cha polisi, akakitoa mfukoni na kukifungua mbele yake. Bunduki yenyewe aliipata kwenye mnada wa vyombo vya mzungu mmoja aliyekuwa anahama, na hapo ndipo alipotueleza, mimi na mdogo wangu wa kiume, jambo ambalo hakuwahi kutueleza. Alipokuwa kijana aliajiriwa katika shamba la mzungu, na Jumapili kazi yake ilikuwa kupanga makopo juu ya ua ili watoto wa mzungu wayalenge. Wakiyaangusha, anayainua. Wakikosa, anasubiri. Siku moja aliomba ajaribu mara moja tu. Yule mtoto mkubwa alimtazama kama aliyesikia ng'ombe akiongea.

"Kwa hivyo hawa wangu watapiga shabaha," Baba alisema. "Na mimi nitapanga makopo kwa kupenda mwenyewe."

Mama akamwambia, "Wewe una uchungu wa zamani, na unataka kuutibu kwa bunduki. Hapa. Na sisi vile tulivyo. Wataambiwa unafundisha watoto jeshi."

"Wataambiwa na nani?"

Mama alionyesha ukuta wa jirani kwa kidevu.

Jumamosi iliyofuata Mama alibaki dukani kama kawaida, na Baba akatupakia kwenye pikapu yake kwenda Sugoi. Nakumbuka alivyoanza, maana nilidhani tutafika na kufyatua tu. Wapi! Kwanza alinisimamisha, akanikunja mkono, akapima kutoka kiwiko changu mpaka kwenye kidole cha kufyatulia. Kitako kilikuwa kirefu. Akachukua msumeno akakikata, vidole viwili hivi, akakipiga msasa mpaka kikawa laini. Alisema bunduki ya kwanza ya mtoto ni ile anayoweza kuinyanyua bila kuomba msaada, isiyompiga bega na isiyomtisha kwa mlio. Pale mnadani kulikuwa na nyingine kubwa, ya fahari, akaikataa. Mtoto akiogopa bunduki siku ya kwanza, alisema, atafumba macho siku zote.

Halafu zikaja sheria. Bunduki ina risasi hata kama umetazama ukaona haina. Haielekezwi kwa mtu, wala ng'ombe, wala mbwa, wala kwa mchezo. Kidole kinakaa nje mpaka jicho liwe limetulia. Mdogo wangu siku ile ile aligeuka nayo mkononi kutuuliza kitu, mtutu ukatupitia sote. Baba aliichukua, na mdogo wangu akashinda akiosha pikapu huku machozi yanamtoka. Nilimhurumia kidogo tu. Zamu yake ilikuja kwangu.

Tulilenga kichuguu kikubwa kilichokuwa mwisho wa malisho, ili kila kidonge cha risasi kiishie ndani ya udongo. Baba alipigilia ubao wa sanduku la chai mbele ya kichuguu, akapanga makopo juu yake. Nilivuta pumzi kama alivyoniambia, nikaiachia nusu, nikabana kidole polepole. Kopo likalia. Ebo! Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena. Baba alikimbia kuliinua, mtu mzima na tumbo lake, anakimbia kwenye nyasi kama mtoto.

Nilipogeuka nikaona kuna mtu kwenye seng'enge.

Alikuwa mzee jirani, mwenyeji wa pale, mrefu, amevaa koti zito la kijeshi la zamani lenye mifuko mingi. Alituamkia, "Chamgei," na Baba akamjibu kwa furaha na kumpelekea mkono juu ya waya.

"Mnafundisha watoto nini?" mzee akauliza.

"Shabaha tu, Mzee."

"Shabaha ni kitu nzuri. Mimi wazungu walinifundisha, wakanipeleka vita yao. Na baada ya shabaha?"

"Baada ya shabaha ni chai," Baba akasema, wakacheka wote wawili.

Mimi sikucheka. Nililichukua lile swali nikaliweka. Na baada ya shabaha? Hilo ni swali la mtu anayepita tu? Jumamosi iliyofuata alikuwepo tena, mikono imelala juu ya nguzo, na iliyofuata pia. Aliniangalia nikipiga, akamwambia Baba, "Huyu msichana ana pumzi. Huyo kijana ana haraka." Baba akafurahi sana. Jioni nilimweleza Mama, na Mama, akichambua maharage, hata hakuinua kichwa.

"Mtu anayekuja kila Jumamosi kusimama kwenye seng'enge hana kazi," alisema, "au hiyo ndiyo kazi yake."

Basi nikaanza kumchunguza. Nilitazama mifuko yake. Nilitazama anaondoka saa gani na anaelekea wapi. Baba alipomkaribisha chai, nilimtilia kwa kikombe kilichopasuka.

Sasa niseme habari ya magazeti, maana shida yetu ilitoka huko.

Dukani tulifunga vitu kwa magazeti ya zamani. Makarani wa ofisi za mjini walituletea marobota, na Mama alikaa nyuma ya duka akiyapanga kabla hayajatumika. Haikuwa kazi ya kuchezea. Picha ya Rais ilikuwa kila mahali, hasa zile kurasa nzima ambazo makampuni yalinunua siku za sherehe kumpongeza, uso wake ukijaa ukurasa kutoka juu mpaka chini. Ungefungia omena na uso ule? Ungemkatia mtu sabuni uifunge na uso ule, halafu aende akautupe kwenye mtaro, na mtu auokote aulize umetoka duka gani? Hakuna sheria iliyosema hivyo, lakini kila mwenye duka pale mjini alijua. Mama aliziondoa kurasa hizo moja moja, akazikunja katikati uso ukiwa ndani, usichafuke wala kushikwashikwa, akaziweka rundo juu ya rafu ya stoo. Kuzitumia haiwezekani, kuzichoma anaogopa kuonekana. Zilikaa tu, safi, zimenyooka, upande wa nje matangazo ya biashara yenye nafasi nyeupe kubwa.

Baba, yeye, hakuwahi kupanga gazeti. Aliona karatasi safi ambazo hakuna anayezitumia.

Makopo yalikuwa yamemchosha, kwa sababu kopo linakuambia umepiga au umekosa, halikuambii umekosa kwa kiasi gani. Ijumaa moja aliingia stoo akachukua rundo la Mama, akalitupa nyuma ya pikapu. Kule shambani alishika kopo la mafuta ya kupikia, akalizungushia mkaa juu ya ile nafasi nyeupe, akapata duara zuri. Na karatasi aliziacha zimekunjwa vile vile. Alisema karatasi ikiwa tabaka mbili haitapasuka ovyo.

Ile Jumamosi nilipiga kama sijawahi. Kila mmoja alipomaliza zamu, Baba alibandua karatasi yake, akaileta tukalitazama duara, akaiweka chini ya jiwe. Yangu moja matundu yalikaribiana mpaka ungeyafunika kwa kifuniko cha soda. Baba aliiinua juu kumwonyesha mzee jirani pale kwenye seng'enge, na mzee akapiga makofi. Niliomba niende nayo nyumbani. Baba akasema ngoja tumalize, akaiweka juu ya jiwe.

Hatukumaliza. Mvua ya kule haipigi hodi. Upepo ulikuja kwanza, ukabeba majani na vumbi, kisha matone mazito, na mzee akainua koti lake kichwani akaondoka. Baba alichukua bunduki, mimi nikazoa karatasi chini ya jiwe, mdogo wangu akakimbia na mkebe wa risasi. Tuliingia kwenye kile kibanda chetu cha mbao tukicheka, tumelowa. Nikaanza kuzitandaza karatasi karibu na moto zikauke.

Zilikuwa zimeloa, kwa hivyo nilifungua ya kwanza.

Sikuelewa mara moja. Niliona tai, nikaona ua kwenye koti, nikaona tabasamu. Matundu yalikuwa shavuni na kwenye paji. Nikafungua nyingine. Hapo moja lilikuwa limeingia jichoni. Chini yake maneno makubwa ya kampuni fulani yakimtakia maisha marefu.

"Baba," nikasema.

Baba alikuwa anapangusa bunduki kwa kitambaa, bado anacheka. Alikuja akainama. Cheko lake lilikatika, nikasikia mvua tu juu ya mabati. Alifungua zote, moja baada ya nyingine, kama anayetumaini kwamba moja itakuwa na sura tofauti. Kisha akaketi kwenye kigoda.

"Nani alizikunja hivi?"

"Mama."

Hakuuliza nani alizichukua. Alizisukuma zote motoni, na kwa kuwa zilikuwa na maji zilitoa moshi tu, zikakataa kushika, na ule uso ukawa unakunjuka ndani ya jivu unatutazama. Akamwaga mafuta ya taa. Mdogo wangu alianza kulia.

"Watatuchukua?"

"Nani atuchukue? Ni gazeti," Baba alisema, lakini hakuondoka pale motoni mpaka uso wa mwisho ukaisha.

Wakati ule ndipo nilipogundua. Ile yangu nzuri haikuwemo. Nilisema, na Baba akatoka nje kwenye mvua hiyo hiyo, nami nyuma yake. Tulitafuta kwenye nyasi, kwenye mtaro, tukafuata seng'enge juu mpaka chini. Tulipata majani, tukapata mfuko wa mbolea. Karatasi hatukuipata. Upepo ulikuwa umevuma kuelekea upande wa mzee.

Njiani kurudi mjini Baba aliendesha polepole sana. Alisema Mama asijue. Alisema hivyo mara nyingi, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Jumamosi iliyofuata tulienda kama kawaida ili tusionekane kwamba kuna jambo, na mzee hakuja kwenye seng'enge. Hebu fikiria! Mtu ambaye hakukosa hata siku moja. Baba aliniambia pengine ni mgonjwa. Alikuwa anasema akiangalia barabara. Bunduki haikutoka kwenye gunia siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Kuanzia hapo niliona kila kitu. Baba aliacha kuingia dukani kwa mlango wa mbele. Aliacha kucheka kwa sauti, na hata kuamkia watu akaacha mpaka wao waanze. Land Rover yoyote ikipunguza mwendo karibu na nyumba yetu, kijiko chake kilisimama katikati ya sahani na mdomo. Mtu wetu wa duka, baba wa watoto kutoka upande wa magharibi, mtu tuliyekaa naye miaka, alinunua viatu vipya, na mimi nikajiuliza viatu hivyo vimetoka wapi. Vijana wa chama walipita kuuza kadi, mmoja akatazama ile picha ya Rais iliyotundikwa juu ya mizani yetu, akasema, "Mmeiweka vizuri." Alikuwa na maana gani? Nililala na maneno hayo.

Kisha mzee akaja dukani.

Nilikuwa nimetoka shule saa ya chakula, nimesimama kaunta. Baba alikuwa stoo. Alipomwona kupitia ufa wa mlango, aliingia nyuma ya magunia ya unga, mwenye duka amejificha ndani ya duka lake. Mzee aliomba chumvi. Koti lile lile, mkono mmoja umeshika kifua upande wa mfuko wa ndani.

"Baba yako iko?"

"Hayuko, Mzee. Ameenda Nakuru."

Mtu wa duka alinitazama, maana alijua Baba alipo. Sikumtazama. Mzee alisimama kidogo, akaangalia picha ukutani, akaniangalia mimi, akachukua chumvi yake.

"Nitarudi," alisema.

Alirudi wiki ile ile. Nikamwambia Baba bado yuko Nakuru. Safari hii alitabasamu kidogo. Baba aliponiuliza mzee alitaka nini, nilimwambia ninavyoamini: ameweka ile karatasi mfukoni, anatembea nayo, anataka kitu kwa ajili yake. Shamba, pengine. Baba hakunibishia. Alisema, "Shamba nitampa. Achukue tu. Mimi siwezi kwenda huko mwalimu alikoenda." Sikuwa nimewahi kumsikia akisema kwamba anaogopa. Nilitaka kumshika mkono na sikujua nitaanzaje.

Halafu ukaja mwito wa chifu. Mjumbe alikuja na baiskeli mpaka dukani, akasema Baba anatakiwa ofisini kesho asubuhi, bila kusema kwa nini. Baba alivaa suti ya kanisani. Alivaa soksi mbili mbili, kwa baridi ya seli, na Mama, ambaye hakujua lolote, akamuuliza kama ana homa. Alitubusu vichwani mimi na mdogo wangu, jambo ambalo kwetu halifanywi, na akaondoka kwa miguu akaacha ufunguo wa pikapu mezani. Niligoma kwenda shule. Nilisema tumbo linauma.

Alirudi mchana, anatembea katikati ya barabara, tai imefunguliwa. Aliingia akaegemea mlango akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na machozi yakamtoka. Chifu alitaka pikapu! Siku ya sherehe inakuja, wazee wanatakiwa uwanjani, na chifu alitaka pikapu iwabebe. Basi. Alipewa hata chai.

Tulicheka naye, mimi na mdogo wangu tukarukaruka sebuleni. Nilidhani imekwisha.

Jioni Mama alirudi kutoka dukani, akafunga mlango, akavuta pazia, akafungua redio. Alikuwa na uso ambao sikuweza kuusoma.

"Mzee wa Sugoi amekuja leo," alisema. "Amesema amekutafuta sana, anaambiwa uko Nakuru. Mimi sikujua una biashara Nakuru."

Baba aliinuka akaongeza sauti ya redio.

"Ameniomba tuingie stoo. Ametoa karatasi kwa koti."

Alieleza pole pole. Mzee aliikuta imenasa kwenye ua wake baada ya mvua, akaifungua, akaona. Hakumwonyesha mtu, hata wa nyumbani kwake. Hakuja tena kwenye seng'enge kwa sababu aliona si vizuri majirani wamwone na Baba siku hizo, mpaka kitu kifike mkononi mwa mwenyewe. Mama aliipokea, akaiangalia, akaisukuma ndani ya jiko la mkaa lililokuwa na chai ya duka, akasimama hapo mpaka ikawa jivu, na jivu akalivuruga kwa kijiko.

Baba alishusha pumzi. Kisha akauliza, nusu kwa haya, "Matundu yalikuwa karibu karibu?"

"Wewe!" Mama alisema. "Ni hilo unauliza?"

"Nauliza tu."

"Katikati ya macho," Mama akasema. "Yote."

Baba alinitazama, na kwa muda mfupi sana nikamwona yule mtu wa zamani, anataka kusema vizuri, msichana wangu. Hakusema. Uso ulibadilika.

"Kwa nini hakuichoma?" aliuliza.

"Nilimuuliza hilo hilo," Mama alisema. "Amesema angeichoma halafu akuambie ameichoma, ungemwamini?"

Baba aligeuka akatazama ukuta wa jirani.

"Amesema, ndiyo maana ameileta. Ili uione imekwisha na macho yako, ulale. Mimi nimemwamini, baba watoto. Unajua mimi siamini mtu. Huyo nimemwamini."

"Siku zote hizo anatembea nayo kwa koti," Baba akasema. "Anaingia nayo mjini. Anapita mbele ya ofisi ya chifu nayo. Na pale mjini kuna mashine za kutoa kopi."

"Kopi! Yule mzee na kopi?"

"Mtu anaweza kukurudishia kitu na bado awe nacho."

Walibishana mpaka taarifa ya habari ikaisha na muziki ukaanza. Mama alikasirika, akamwambia Baba kwamba mzee angetaka kumchoma kwa serikali angekuwa amemchoma zamani. Baba alisema hiyo ndiyo inayomtisha, kwamba anaweza kumchoma siku yoyote. Mimi nilikuwa nimejikunja kwenye kiti nawasikiliza, na niseme ukweli, nilikuwa upande wa Baba.

Wiki iliyofuata Baba alipeleka bunduki polisi, akairudisha pamoja na cheti. Walimuuliza kama imeharibika. Akasema watoto wameichoka. Mdogo wangu alipolia, akaambiwa atanunuliwa mpira. Baada ya hapo Baba akaanza kutafuta mtu wa kununua shamba. Mama alimsihi, kwa sababu ardhi ile ilikuwa jasho lao wote wawili, akamwambia amwalike mzee nyumbani, ale, amshukuru, yaishe. Baba alisema atafanya hivyo Jumapili. Jumapili zikapita. Mnunuzi akapatikana kabla mahindi hayajakomaa, na Baba akamwachia na mahindi yenyewe.

Tulienda mara ya mwisho kuchukua masufuria na mabati ya kibanda. Baba na mdogo wangu walikuwa wanapakia. Mimi nilitumwa kuteka maji ya radieta kwenye kijito kilichopita chini ya seng'enge, na hapo nikamkuta mzee, upande wake wa waya, amesimama kama aliyekuwa akinisubiri.

"Chamgei," aliniambia.

Nilijibu.

"Mama yako alikuambia nimerudisha?"

"Alisema, Mzee."

"Sasa mbona baba yako inaniogopa?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Niliona macho yake mekundu ya moshi, na ndevu zake nyeupe, na nikajua kuna la kumwambia, lilikuwa hapo hapo mdomoni. Nyuma yangu Baba akapiga honi. Akapiga tena, ndefu.

"Sijui, Mzee," nikasema.

Alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Ngoja, wewe mwenye pumzi," akaingiza mkono ndani ya koti.

Nilitupa ndoo, nikakimbia. Nilikimbia bila kugeuka mpaka nikaingia kwenye pikapu na kufunga mlango, na Baba, bila kuuliza kitu, akaondoa gari na radieta yake kavu. Mpaka leo sijui mzee yule alikuwa anataka kunipa nini.